Mpango wa wahitimu wanawake wa shule ya biashara: mwongozo kamili wa kuwafikisha kwenye uongozi

Mipango mingi ya wahitimu wanawake huanza kwa kishindo: kongamano, hotuba, picha ya pamoja, kundi la WhatsApp. Miezi michache baadaye kundi limebaki la salamu na matangazo ya semina, na waliokuwa mameneja wa kati bado ni mameneja wa kati.

Wanachama hawana kosa. Mpango ulijengwa juu ya kukutana, ilhali cheo huamuliwa kwenye kikao ambacho mwanamke mwenyewe hayumo, pale mtu mwenye kauli anapotaja jina lake na kulisimamia. Mwongozo huu unaanzia hapo. Umeandikwa kwa ajili ya mratibu au kamati ya umoja wa wahitimu inayotaka kuendesha kundi la kwanza la wanawake 24 kwa miezi 18.

## Mahitaji kabla ya kuanza

- Orodha ya wahitimu wanawake yenye safu nane: jina, mwaka wa kuhitimu, mwajiri, cheo, fani, nchi anakoishi, mawasiliano, na tarehe aliyoridhia taarifa zake zitumike. Safu ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Bila hiyo, sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, kama ile ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, zinaweza kusimamisha mpango mzima.
- Mratibu anayelipwa, angalau siku mbili kwa wiki. Kazi ya kujitolea huhimili miezi mitatu, haihimili kumi na minane.
- Barua ya mkuu wa shule inayosema nani anatunza takwimu, bajeti ni ya muda gani, na ofisi ya ajira itachangia nini.
- Bajeti yenye mafungu manne: malipo ya mratibu, malipo ya mwezeshaji wa vikao vya mwanzo, usafiri na malezi ya watoto siku za vikao, na upimaji. Ukumbi na chakula vifikiriwe mwisho.
- Kanuni za siri, ukurasa mmoja, zenye nafasi ya saini.
- Majina 40 ya wahitimu waandamizi, wanaume kwa wanawake, walio ngazi mbili au zaidi juu ya washiriki. Majina yawe mengi kuliko washiriki kwa sababu wengine watakataa na wengine hawatafaa.

Kimoja kikikosekana, ahirisha. Kuchelewa miezi miwili kuna nafuu kuliko kuvunja imani ya watu ambao hutawaita tena mara ya pili.

## Hatua ya 1: Tafuta ngazi inayowakwamisha

Tuma dodoso fupi lisilozidi maswali saba: cheo cha sasa, mwaka alioanza cheo hicho, idadi ya watu anaowasimamia, kama ana dhamana ya mapato au bajeti, mara ya mwisho kuomba nafasi ya juu, jibu alilopewa, na nafasi anayoitaka sasa. Usiulize "unajisikiaje kuhusu uongozi". Majibu ya swali hilo hayapangi kazi.

Gawa majibu kwa miaka tangu kuhitimu: 0 hadi 5, 6 hadi 12, 13 hadi 20, na zaidi ya 20. Kisha tazama wapi wengi wamekaa cheo kimoja muda mrefu. Mara nyingi utaona mojawapo ya sehemu nne: kuteuliwa umeneja kwa mara ya kwanza, kutoka idara saidizi kwenda idara inayoingiza mapato, kurejea kazini baada ya uzazi, au kuingia bodi ya wakurugenzi.

Tahadhari. Wanaojibu dodoso kwa haraka ni wale ambao mambo yao yananyooka. Chagua majina 20 ya wasiojibu na uwapigie simu. Hapo ndipo utasikia habari za waliohamishiwa "mradi maalumu" usio na bajeti, au walioacha kuomba baada ya kukataliwa mara mbili.

Ukifaulu utaweza kusema kwa sentensi moja: wahitimu wetu wanawake hukwama hapa, kati ya mwaka fulani na mwaka fulani, wakitaka kutoka cheo hiki kwenda kile.

## Hatua ya 2: Chagua ngazi moja tu

Kamati hupenda kumsaidia kila mtu, kuanzia aliyehitimu jana hadi anayewania uenyekiti wa bodi. Mpango wa namna hiyo haumsaidii yeyote, kwa sababu mahitaji yao hayafanani. Meneja mpya anahitaji watu wa kusimamia. Mkurugenzi anahitaji kujulikana kwa wenyeviti wa bodi.

Andika lengo lenye cheo, idadi na muda. Mfano: "Kati ya wanawake 24 walio mameneja wa kati, 10 wawe wamepata cheo cha juu zaidi au dhamana ya faida na hasara ndani ya miezi 18." Dhamana ya faida na hasara ni kuwajibika kwa mapato na matumizi ya kitengo.

Ukichagua ngazi ya bodi, angalia soko linakodai majina. Norway ilipitisha mwaka 2003 sheria ya kuwa na angalau asilimia 40 ya kila jinsia kwenye bodi za kampuni za hisa za umma, na kufikia 2008 ililazimu kutekelezwa. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lake mwaka 2022 kwa kampuni kubwa zilizoorodheshwa kwenye masoko ya hisa, likiwa na ukomo wa Juni 2026. Palipo na sharti la namna hii, orodha yako ya wanawake walio tayari itaombwa. Pasipo na sharti, utalazimika kuwafuata wenyeviti mmoja mmoja.

## Hatua ya 3: Chagua washiriki kwa haki

Fomu ya maombi iwe ukurasa mmoja: nafasi ninayoitaka, kinachonizuia, saa nitakazotoa kila mwezi. Weka vigezo vichache na uvitangaze mapema, kisha tenganisha wanaotimiza na wasiotimiza.

Wanaotimiza wakizidi 24, piga kura ya bahati nasibu kati yao. Kamati nyingi huona jambo hili ni ukatili na hutaka kuchagua "walio bora". Lakini ukichagua walio bora kisha wakapanda vyeo, hutajua kama ni mpango uliowapandisha au wangepanda tu. Kura inakupa kundi la kulinganisha: wale waliotimiza vigezo wakakosa nafasi. Waahidi kipaumbele kwenye kundi la pili na uwaombe wajibu dodoso la upimaji.

Gawa 24 kwenye vikundi vinne vya watu sita. Wawili wakikosa kikao, wanne hutosha kuendelea. Kikundi cha watu 10 huwa darasa, wachache wakisema na wengine wakiandika.

Tahadhari. Usiweke kwenye kikundi kimoja mkuu na msaidizi wake, wala watu wa kampuni zinazoshindana moja kwa moja. Siri itakufa kikao cha kwanza.

## Hatua ya 4: Endesha vikundi kwa saa, si kwa hisia

Kila kikundi kikutane kila baada ya wiki nne, siku ileile ya wiki, kwa dakika 120. Ratiba ni hii:

1. Dakika 10: kila mmoja anasema kama alitimiza ahadi ya mwezi uliopita. Ndiyo au hapana, bila maelezo.
2. Dakika 40: kesi ya kwanza.
3. Dakika 40: kesi ya pili.
4. Dakika 20: kila mmoja anaandika ahadi mpya yenye tarehe na jina la mtu atakayemwendea.
5. Dakika 10: kupanga kesi za mwezi ujao.

Ndani ya kesi: mwenye jambo anaeleza kwa dakika 5; wengine wanauliza maswali ya kuelewa tu kwa dakika 10; kisha wanajadiliana wao kwa wao kwa dakika 15 naye akinyamaza na kusikiliza; dakika 10 za mwisho anasema atafanya nini.

Ukimya wa zile dakika 15 ndio wenye kazi kubwa. Mwenye jambo akiruhusiwa kujibu, atatetea kila alichokwisha kufanya, na kikundi kitaishia kumfariji. Akinyamaza, anasikia jinsi watu watano wenye akili wanavyoiona hali yake.

Mwezeshaji wa kulipwa aongoze vikao vitatu vya kwanza. Kuanzia cha nne, wanachama wapokezane.

Kinachoharibika mara nyingi: kikao kinageuka mahali pa kulalamikia wakuu wa kazi. Malalamiko yana haki yake, maana mengi ni ya kweli kabisa. Mwongoza kikao ayasikilize, kisha aulize, "Nani anaweza kubadilisha hilo, na utamfikiaje?"

Ukifaulu, kufikia kikao cha tano zaidi ya nusu ya ahadi zinatimizwa, na watu wanaleta mambo ambayo hawajawahi kuyasema kazini.

## Hatua ya 5: Tafuta watetezi, usiridhike na washauri

Hapa ndipo mipango mingi huangukia, kwa hiyo usiipite hatua hii haraka.

Mshauri anazungumza *na* mwanamke. Mtetezi anazungumza *juu yake* mbele ya wanaoamua, akiweka jina lake mwenyewe rehani. Mwaka 2010 watafiti Herminia Ibarra, Nancy Carter na Christine Silva walionyesha kwamba wanawake wengi wenye vipaji walikuwa na washauri wa kutosha, na bado walipandishwa vyeo kwa uchache kuliko wanaume wenzao. Walipungukiwa watu wazito wa kuwapigania. Ukiwapatia washiriki wako washauri wengine, unawaongezea kile ambacho tayari wanacho.

a) Ramani ya kikao. Kila mshiriki achore kikao kitakachoamua nafasi anayoitaka. Nani huketi pale? Kwa kawaida ni watu watano hadi saba. Mbele ya kila jina aandike alama: 0 (hanijui), 1 (ananijua kwa sura), 2 (anaijua kazi yangu), 3 (angenisemea). Asiye na alama 3 hata moja hajakaribia nafasi hiyo, hata kama tathmini zake za kila mwaka ni nzuri mno.

b) Mtetezi wa ndani. Huyu hapangwi na mpango, kwa sababu utetezi huzaliwa na kazi aliyoiona kwa macho yake. Mshiriki achague mtu mmoja mwenye alama 1 au 2, atafute tatizo linalomsumbua mtu huyo, na ajitolee kulitatua kwa kazi yenye mwisho unaojulikana, wiki sita hadi nane. Akimaliza, aseme wazi: "Nataka nafasi ya meneja wa kanda mwaka huu. Ukiona kazi yangu inatosha, naomba unisemee itakapojadiliwa." Wengi huruka sentensi hii ya mwisho wakidhani kazi itajisemea. Mwenye madaraka ana mambo mengi. Asiyeambiwa hatakisia.

c) Mtetezi wa nje. Huyu anatoka kwenye yale majina 40. Hawezi kusema ndani ya kikao cha mwajiri wa mshiriki, ila anaweza kumfungulia milango kwingine: bodi, kampuni nyingine, kampuni za kutafuta watendaji. Usiwaoanishe kwa kupenda mambo yanayofanana. Angalia kitu kimoja: je, huyu mtu anafahamiana na wanaoamua nafasi anayoitaka mshiriki?

Muombe mtetezi wa nje mambo matatu yaliyoandikwa, ndani ya miezi 12:

- kumtambulisha mshiriki kwa watu wawili wenye maamuzi;
- kupendekeza jina lake kwa nafasi au jukumu moja;
- kumweleza ukweli baada ya hapo, hasa akikataliwa.

Anayesema "nitamsaidia kwa kadiri nitakavyoweza" bila kukubali hayo matatu, mshukuru na umwombe aje kutoa mada.

Wanaume wamo. Pale ambapo viti vingi vya juu vimekaliwa na wanaume, kuwatenga ni kujinyima sauti nyingi zaidi. Waingie kwa masharti yaleyale.

Tahadhari ambayo haina mjadala. Mikutano ya mtetezi na mshiriki ifanyike ofisini, mahali pa wazi au kwa video, saa za kazi. Mtetezi aliyepangwa na mpango asiwe kwenye mstari wa mamlaka wa mshiriki. Teua watu wawili wa kupokea malalamiko ya unyanyasaji, mmoja kutoka nje ya umoja wa wahitimu, na majina yao yawe kwenye ukurasa wa kwanza wa kanuni. Mtetezi akilalamikiwa, asimamishwe mara moja wakati uchunguzi ukiendelea, hata kama ndiye mfadhili wenu mkubwa.

Ukifaulu, kufikia mwezi wa tisa kila mshiriki ana angalau alama 3 moja kwenye ramani yake.

## Hatua ya 6: Badilisha aina ya kazi anayofanya

Mtetezi anahitaji kitu cha kutetea. Wahitimu wengi wanawake wako rasilimali watu, mawasiliano, sheria na utawala, ilhali nafasi za juu kabisa huwaendea zaidi waliowahi kubeba dhamana ya faida na hasara. Ndani ya miezi sita ya kwanza, kila mshiriki apate jukumu lenye angalau kimojawapo: mapato, bajeti anayoidhinisha, au watu anaowasimamia moja kwa moja.

Sambamba na hilo, apunguze kazi zisizopandisha cheo. Mwaka 2017 mtafiti Linda Babcock na wenzake walionyesha kwamba wanawake huombwa zaidi, hujitolea zaidi na hukubali zaidi kazi za namna hiyo: kuandika kumbukumbu za kikao, kuandaa sherehe, kukaa kwenye kamati zisizo na uzito. Zoezi ni rahisi. Kwa wiki mbili aandike kila kazi aliyofanya na saa ilizochukua, kisha aweke alama kwenye zile ambazo hazitatajwa siku ya kujadili cheo chake. Achague mbili za kuacha au kupokezana na wenzake. Akikataa, asitoe udhuru mrefu. "Niliandika kumbukumbu mara mbili zilizopita, tupokezane" inatosha.

Awe pia na daftari la matokeo, ukurasa mmoja kila robo mwaka: hali ilivyokuwa kwa tarakimu, ilivyo sasa, na mchango wake mwenyewe. Mtetezi atachukua tarakimu hizo na kuingia nazo kikaoni. Maneno kama "nilisaidia timu kuboresha" hayabebeki.

## Hatua ya 7: Tumia mtandao mpana kwa kazi yake halisi

Vikundi vidogo ni vya kuaminiana. Mtandao mzima wa wahitimu ni wa kupata habari za nafasi. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba, kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, asilimia 55.6 walikuwa wakionana na mtu huyo mara chache na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Rafiki wa karibu anajua yale unayoyajua. Mliyehitimu pamoja na mkapotezana anajua mengine.

Kwa hiyo badala ya kundi la gumzo, jenga orodha inayotafutika kwa mwajiri, fani na nchi. Weka utaratibu wa ombi la sentensi tatu: mimi ni nani, ninataka kujua nini, dakika ngapi. Mratibu amuulize kwanza anayeombwa, kisha ndipo awaunganishe. Jibu litoke ndani ya siku saba, hata likiwa "hapana".

## Hatua ya 8: Mafunzo machache, pesa zenye mipaka

Mafunzo matatu yanatosha: kujadiliana mshahara na masharti, kusoma taarifa za fedha kwa jicho la mjumbe wa bodi, na kuwasilisha hoja kwa dakika tano. Mazoezi ya mshahara yafanyike kwa kuigiza, kila mmoja akiunganisha ombi lake na faida ya taasisi. Wanawake wanaojadiliana mara nyingi huhukumiwa vikali kuliko wanaume, hivyo maneno ya kuanzia yanahitaji maandalizi.

Kampuni ikitoa ufadhili, ipokee kwa mkataba unaosema haitapata majibu ya dodoso, majina ya waombaji wala yaliyosemwa kwenye vikundi. Isiwe pia na haki ya kuchagua washiriki. Mfadhili asiyekubali hayo anatafuta orodha ya kuajiri, na hiyo aiombe ofisi ya ajira.

## Hatua ya 9: Pima kabla, katikati na baada

Pima mwanzoni, mwezi wa 6, wa 12 na wa 18. Washiriki na wale waliokosa kura wajibu maswali yaleyale:

- cheo na idadi ya watu anaowasimamia;
- bajeti au mapato aliyonayo chini yake;
- mabadiliko ya mshahara kwa asilimia, si kiasi;
- idadi ya alama 3 kwenye ramani ya kikao;
- nafasi alizoomba na alizopata.

Usihesabu waliohudhuria wala kuridhika kwao. Ukumbi unaweza kujaa watu waliofurahi na asipande hata mmoja.

Matokeo yasipotofautiana, rudi nyuma kwa mpangilio. Kama hawakuomba nafasi, tatizo liko kwenye vikundi na ahadi. Kama waliomba wakakataliwa na alama 3 hazikuongezeka, tatizo liko hatua ya 5. Kama watetezi walikuwepo na bado walikataliwa, angalia hatua ya 6: huenda jukumu walilobeba halikuwa na uzito. Na kama wengi wamekataliwa na mwajiri mmoja, mpango wa wahitimu hauwezi kumponya mwajiri huyo. Wasaidie kuhama, kwa utulivu na kwa masharti mazuri.

## Hatua ya 10: Kabidhi

Mwezi wa 15, chagua washiriki wanne, mmoja kutoka kila kikundi, wajifunze kuwezesha vikundi vya kundi la pili. Usiongeze ukubwa wa kundi hilo hata waombaji wakiwa 100. Ongeza idadi ya vikundi pale tu unapopata waratibu na watetezi wa kuvihudumia.

Mratibu atunze faili moja lenye fomu, ratiba, kanuni, dodoso, makubaliano ya watetezi na orodha ya waliokataa pamoja na sababu zao. Likae kwenye akaunti ya umoja au ya shule, si kwenye kompyuta yake binafsi. Watu wawili zaidi wawe na ruhusa ya kulifungua, na taarifa za siri za vikundi zisiwemo kabisa.